Mwondoe Bwana Miwani kwenye Dua Zako

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Habari za afya, na hasa za hilo goti? Shangazi ananiambia umekisusa kile kiti nilichokununulia cha kuswalia, bado unang'ang'ania kusujudu sakafuni, halafu kuinuka mpaka uinuliwe. Wewe mama ni mbishi, nami ndiko nilikorithi. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Kazi ya udobi inaendelea. Wiki hii tumepiga pasi mashuka ya hoteli nzima, mkono wa kulia hauinuki hata kuchana nywele. Mwenzangu ninayeishi naye, yule binti fundi cherehani unayemwita mwanao wa pili, naye hajambo. Anauliza kama lile gauni alilokushonea limekukaa vizuri mabegani.

Shangazi anasema pia kwamba hujamsamehe Bwana Miwani. Eti kila ukimaliza kuswali unamshtaki kwa Mungu, kwamba alikuja kumposa binti yako, akala akashiba, kisha akatuma ujumbe amebadili nia. Umewaambia na wenzako wa darsa, nao wameacha kumpelekea miwani yao kutengenezwa. Mama, niliposikia hayo ndipo nilipoketi kukuandikia.

Ngoja nikueleze siku ile ilivyokuwa. Shangazi alimleta, akakaa kwenye kochi, na unamjua wifi yako akishashiba: alilala fofofo katikati ya maneno yake mwenyewe. Tukabaki wawili tunatazamana kama watoto waliofungiwa darasani. Bwana Miwani akavua miwani yake, akaifuta, akaniuliza kwa upole kama nimeridhika mwenyewe au nimeridhishwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia ukweli. Akairudisha miwani usoni, akasema hawezi kudai kwamba amenielewa, ila hawezi kumwoa mtu ambaye moyo wake uko kwingine, wala hawezi kumuumbua mtoto wa watu. Mwanamume akiacha posa, alisema, husemwa siku mbili tatu basi, kwa hiyo lawama aibebe yeye. Nami nikamwachia aibebe.

Ukweli niliomwambia ni huu, mama, na sasa nakwambia wewe. Nampenda mwenzangu. Si kama ndugu, ingawa ndivyo tulivyowaambia watu wote. Nampenda kama wewe ulivyompenda baba. Nimekuwa hivi tangu nilipojua kupenda.

Najua utaulizia kwanza dini yangu. Nilimwomba Mungu miaka mingi aniondolee hali hii. Nilipoona sikuondolewa, niliacha kuswali kabisa kwa aibu, nikijihisi mgeni asiyetakiwa. Mwenzangu ndiye aliyenirudisha. Alinikasirikia, akasema nimejifukuza mwenyewe kisha namsingizia Mungu. Kesho yake akaniamsha alfajiri, miswala miwili tayari ametandika. Mpaka leo tunaswali pamoja. Masheikh wana lao la kusema, nami nawasikia, na ziko siku naogopa kwelikweli. Lakini mbele ya Mungu sifichi kitu, na hapo ndipo napata utulivu. Niliyekuwa namficha ni wewe.

Na ningeendelea kukuficha, sitaki kujitia ushujaa. Ila ni wewe uliyenifundisha kuogopa dua ya mwenye kudhulumiwa. Yule bwana hakukudhulumu, mama. Anaombewa mabaya na mtu mwema kwa kosa lisilo lake, nami usingizi hauji. Mwondoe, nakuomba. Wenzako wa darsa waambie alikuwa muungwana. Hayo mengine uwaambie au usiwaambie, nakuachia mwenyewe.

Nisalimie Shangazi, na usimgombeze kwa usingizi wake. Mwenzangu anajua ninachokuandikia. Amekaa hapa kwenye cherehani lakini hashoni, anaogopa kunishinda.

Usiponijibu nitaumia, ila nitaelewa. Najua huinuki kwenye mswala bila kututaja wanao mmoja mmoja, na ukifika kwangu sijui sasa utamwambia Mungu nini. Omba lolote litakalokujia moyoni. Mimi huku nitaitikia amina.

Ni mimi mwanao,
kifungua mimba wako.