Kitanda Kinarudi kwa Siku Moja, Meza Je?

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, naomba msaada wako na naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, ila kabla hujakaa geuza hicho kiti uangalie chini yake, maana kama kuna namba ya chaki basi ni mimi niliyekuuzia.

Mimi nauza samani zilizotumika, vitanda, makabati, sofa zenye historia ndefu kuliko yangu, shule nilisoma miaka michache tu halafu nikaanza kuuza madawati, natania, madawati sikuuza, na duka langu ndiyo nyumba yangu, yaani sebule ni duka, ukumbi ni duka, kila kitu kina bei yake kwa chaki chini ya tumbo, na mteja anaweza kuingia sisi tunakula akaipenda meza, basi tunainua sahani tunazishika mkononi, meza inaondoka, tunaendelea kula. Mke wangu amezoea. Yeye alipokuja kwangu alikuja na kitanda kimoja cha chuma, akaniambia siku ya kwanza kabisa, "Hiki ukikiuza, uniuze na mimi juu yake," na mpaka leo hakijauzwa, na yeye hajauzwa.

Sasa sisi Mungu hakutupa mtoto, na mwaka huu mke wangu akasikia kuna shirika linaloleta wanafunzi kutoka nchi nyingine, wanakaa na familia mwaka mzima wanasoma shule ya hapa, akaniambia tujaze fomu, tukajaza, akaja mama mmoja mwenye faili, sisi tunamwita mama mkaguzi, kuangalia nyumba kabla ya mtoto kufika. Mshauri, kile chumba nilikiandaa mpaka mimi mwenyewe nikatamani kuwa mwanafunzi. Niliweka kitanda kikubwa cha mbao nyeusi, kichwani kimechongwa ndege wawili wanaangaliana, nikaweka kabati lenye kioo kirefu, mama mkaguzi akapiga picha, akaandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake.

Wiki iliyofuata, binti hata hajafika, akapita msusi mmoja akakiona kitanda, akauliza hiki unauzaje, na mdomo wangu ukishasikia hilo neno unajibu wenyewe, mimi nakuwa bado nafikiria. Akachukua na kabati. Jamaa wa mkokoteni akalilaza chali, kioo kikaangalia juu, nikasimama mlangoni nikaona mbingu inapita barabarani, mawingu yanatikisika kwenye mashimo, ndege mmoja akaingia upande huu wa kioo akatokea upande ule, na mimi nikasahau kabisa kwamba nimeuza kitu.

Binti sasa ana miezi minne kwetu, umri wake miaka kumi na sita, anatuita baba na mama, na lugha yetu anaiokota polepole kama mtu anayeokota vifungo chini ya sofa. Siku za mwanzo kila kitu alikuwa anauliza, "Baba, na hiki kinauzwa?" sufuria, "Na hiki?" taa, mpaka paka wa jirani, halafu akaninyooshea kidole mimi akamuuliza mke wangu, "Mama, na baba?" Mke wangu hata hakugeuka, akasema, "Huyo yuko sokoni miaka yote, mwanangu, mteja ndiyo hajatokea."

Na kitanda cha kulalia hajawahi kukosa, usinifikirie vibaya, ila kwa miezi minne amelalia vitanda sita, kinaingia hiki kinatoka kile. Na hapo ndipo kuna jambo, mshauri, sijui kama wewe utaniamini. Cha kwanza nilikitoa kwa fundi cherehani aliyestaafu, binti akaamka akasema ameota anatembea ndani ya kitambaa cha bluu kisicho na mwisho, na mbele yake kuna mtu anakikata taratibu, na mimi sikuwa nimemwambia kitanda kimetoka wapi! Cha pili kilikuwa cha dereva wa lori, akaota barabara inamfuata nyuma kama mbwa. Cha tatu cha bibi aliyekuwa anafuga njiwa, akaota nyumba yetu inapumua, kuta zinajaa na kushuka, na hakuna anayeogopa. Basi ikawa kila asubuhi wanakaa kwenye kizingiti cha jikoni, mke wangu na yeye, jua linaingia limejaa vumbi la mbao, chai inapoa, anasimulia ndoto ya kitanda, na mimi nilikuwa nachelewesha kufungua mlango wa mbele makusudi nisikilize. Mke wangu miaka yote hiyo sijawahi kumwona anasahau chai yake. Ndoto zote binti aliziandika kwenye daftari la kijani, na chini ya kila ndoto akachora kitanda chake.

Sasa mama mkaguzi kapiga simu. Anakuja Alhamisi ya wiki ijayo, ukaguzi wa pili, kuona kama mtoto anaishi vizuri, na akasema kwa sauti ileile laini, "Nitakuja na zile picha," na atamhoji binti peke yake mlango umefungwa, na pasipomridhisha atamhamishia familia nyingine. Nilipokata simu mke wangu alikuwa anakunja shuka la binti, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Mimi nikakimbia kwa msusi, nikamwomba kitanda cha ndege kwa siku moja. Akasema, "Chukua Alhamisi asubuhi, jioni kiwe kimerudi, mimi silali chini kwa ajili ya picha zako." Na kabati pia kakubali. Basi Jumapili tukafanya mazoezi. Mke wangu akavaa miwani, akabana sinia kwapani likawa ndiyo faili, akakaa, akaniuliza kwa sauti ya ofisini, "Nyumba hii ina utulivu?" Nikasema, "Utulivu mtupu, mama mkaguzi," palepale mteja akaingia akauliza hicho kiti alichokalia huyo mama ni bei gani, nikasema, "Inuka kidogo mama mkaguzi, mteja aone miguu," ya kiti, ilibidi nimfafanulie mteja. Tukacheka mpaka sinia likaanguka. Halafu mke wangu akamgeukia binti, bado anacheka, "Na wewe mwanafunzi, unasomea wapi?" Binti akaonyesha ukingo wa dirisha. "Hapa, mama. Nasimama." Mke wangu akavua miwani, na mazoezi yakaishia hapo.

Ni kwa sababu ya meza. Kulikuwa na meza moja ndogo, mguu mmoja mfupi umewekewa karatasi nzito iliyokunjwa, droo moja, alikuwa anaandikia hapo, na mwezi wa kwanza aliniambia, "Baba, vitanda sawa, lakini meza hii naomba isiuzwe," nikasema sawa mwanangu, nikafuta chaki kwa kidole changu mwenyewe akiona. Wiki tatu zilizopita akaja jamaa wa duka la mbegu, anataka kitu kidogo cha kupimia mbegu zake, binti yuko shule, mdomo wangu ukajibu. Na mimi ninaponunua kitu kazi ya kwanza ni kuvuta droo, nimewahi kukuta funguo, picha za harusi, hata meno ya bandia, ila ninapouza huwa sivuti, na daftari la kijani lilikuwa mle. Lakini sheria ya duka iko ukutani, nimeiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, KIKITOKA HAKIRUDI, nikampa pole, nikamnunulia daftari jipya, akasema asante baba, yakaisha. Ila tangu wiki ile mke wangu akimuuliza umeota nini, anasema, "Sikuota, mama," anakunywa chai yake, anaenda shule. Labda ni hiki kitanda cha sita.

Swali langu basi, mshauri. Nimwambieje binti amwambie mama mkaguzi kwamba siku zote analala kwenye kitanda cha ndege? Nimejaribu mara moja, akaniangalia akasema, "Sawa, baba, na nikiulizwa nimeota nini juu yake?" nikakosa jibu, mimi niliyewahi kumuuzia mtu kitanda chenye miguu mitatu. Na mke wangu kasema kile kitanda kikiingia Alhamisi, yeye atakaa juu ya kitanda chake cha chuma, mlango wazi, na akiulizwa atajibu. Na mimi nimeanza kuota, mshauri, naona vitanda vyote sita vinatoka kwa miguu yao, vinashuka barabara kwa mstari, kila kimoja kimebeba kipande cha mbingu, na wa mwisho kwenye mstari ni binti na begi lake, na mimi niko mlangoni, mdomo huu unaojibu wenyewe, umefungwa.

Nisaidie kabla ya Alhamisi.

Ni mimi, Muuza Vitanda Asiyelala

*

Muuza Vitanda, marahaba. Kiti changu nimekigeuza na chaki hakina. Tuendelee.

Nimecheka na barua yako, sikufichi, hapo kwenye miguu nimecheka peke yangu ofisini mpaka mhariri akaja kuchungulia. Halafu nikairudia mara ya pili na sikucheka. Wewe ni mtu mzuri, na watu wazuri wa aina yako mna tabia moja mbaya: ukiumiza mtu unamchekesha, akishacheka unaona umeshalipa.

Umeniandikia kuhusu kitanda tangu mwanzo, na meza umeificha karibu na mwisho, umeifunika na meno ya bandia. Kitanda hakimsumbui mtu yeyote humo ndani isipokuwa wewe. Mtoto amelalia vitanda sita bila kunung'unika, akavigeuza kuwa hadithi. Katika nyumba yenye vitu vyote vile alikuomba kimoja tu. Ukafuta chaki mbele yake, ukakiuza akiwa shule. Na ndoto hazijaisha kwa sababu ya kitanda cha sita, ndugu yangu, usijifanye hujui kuhesabu. Wiki tatu meza imeondoka, wiki tatu mtoto haoti. Mtoto anaota. Amekoma kuhadithia.

Na sasa nisikilize vizuri. Sheria yako ya ukutani inasema kikitoka hakirudi. Lakini mama mkaguzi alipopiga simu, ulikimbia kwa msusi, na kitanda kinarudi, na kabati linarudi. Kumbe vinarudi! Kwa mgeni mwenye faili vinarudi. Kwa mtoto anayekuita baba ukasoma rangi nyekundu ukutani. Yeye ameliona hilo kabla yangu, na ndiyo maana alikuuliza lile swali lililokufunga mdomo.

Basi fanya hivi. Leo, ukishasoma gazeti hili, nenda duka la mbegu. Usimtume jamaa wa mkokoteni, nenda mwenyewe. Mpelekee mwenye duka meza nyingine nzuri kuliko ile, mwombe ile, na kama mdomo wako unajibu wenyewe basi wakati huu uombe wenyewe. Droo ivute hapohapo. Daftari likiwemo, usilifungue, zile ndoto alimsimulia mama yake, wewe ulikuwa unadokoa. Likiwa limetupwa, rudi umwambie mtoto kwa maneno mawili, "Limepotea. Nimekosa," na usiongeze mzaha hata mmoja. Najua itakuuma kama jino. Vumilia.

Ukitoka hapo, mpigie mama mkaguzi, usingoje Alhamisi. Mwambie kitanda cha kwenye picha kiliuzwa, na mtoto alilala wapi na wapi. Anaweza kukasirika. Anaweza kumhamisha, siwezi kukudanganya, na ikiwa hivyo utambebea begi mpaka kwenye gari bila kulalamika. Lakini wanaofanya kazi ile wanajua chumba cha kuazima wakikiona, na nyumba inayosema ukweli kabla ya kuulizwa hawaioni kila siku.

Msusi aachiwe kitanda chake. Mke wako, ambaye ndiye mwenye akili humo ndani, umwombe kile cha chuma kiwe cha binti mpaka mwaka wake uishe. Akikubali, ninyi wawili mtahangaika na vitanda vya dukani, si mnavipenda. Na kile chumba kiwe mwisho wa duka. Mteja aishie mlangoni.

Alhamisi mtoto akiitwa kuhojiwa, usimfundishe neno. Toka nje kabisa, kasimame na jamaa wa mkokoteni muangalie barabara. Ukiona mbingu inapita, iangalie, hiyo siyo ya kuuza.

Na siku yoyote mteja akipenya, akaweka mkono juu ya ile meza ndogo yenye mguu mfupi akauliza hii unauzaje, wewe nyamaza. Mwache binti ajibu.