Kisu cha Dukani, Mbuzi wa Ukweni

Kibwana, mpagazi anasubiri karatasi hii na mikono yangu bado ina udongo. Ahsante sana kwa ushauri wako wa kisu.

"Nunua cha Mjerumani pale Korogwe, karibu na reli. Kinakunjwa, kinakaa mfukoni, bei haifiki hata nusu ya cha mhunzi." Maneno yako hayo. Nami nikanunua.

Leo nimekwenda Kwaluguru kumposa Mwaija. Baba yake, Mzee Mhina, akaniletea mbuzi. "Chinja, mwanangu, tuuone mkono wako."

Nikakikunjua kisu kwa madaha. Mzee akanishika mkono. "Hebu ngoja. Huyu kwenye bapa ni nani?"

Nguruwe, Kibwana. Alama ya kiwanda, nguruwe mzima na mkia wake. Siku zote hizo namenyea mihogo, sikuwahi kumtazama.

Nikasema ni ng'ombe. Mbele ya wakwe, mimi, mtu mzima na kanzu yangu, nikasema ni ng'ombe.

"Ng'ombe wa wapi huyu, hana pembe?"

Hata mbuzi alinitazama.

Mzee akaamuru kioshwe mara saba, moja kwa udongo, ndipo tuzungumze habari za binti yake. Nikakaa chini nikasugua, ukoo mzima umenizunguka. Nilisugua kwelikweli, maana nampenda Mwaija.

Kutu yote imetoka. Sasa nguruwe anang'aa, mpaka meno yanaonekana.

Mzee akakitazama, akanirudishia kwa vidole viwili.

"Basi mwoe huyu."