Kumshusha Baba Neema Kutoka Ghorofa ya Sita

Jumamosi. Jua kali, hakuna upepo, na mapazia bado yananuka moshi ingawa nimeshayafua.

Wiki hii msitu wa ng'ambo ya ziwa uliwaka. Wenzangu kazini wananiuliza ilikuwaje, nami najibu kwamba hakuna kilichotokea. Ni kweli. Moto haukufika kwenye majengo yetu hapa Alby, Uswidi. Wazimamoto waliudhibiti kabla ya jioni. Nikishajibu hivyo, narudi kuwabadilishia wazee shuka.

Sijalia. Sijaogopa. Nakula kwa sababu sahani iko mbele yangu.

Nilikuwa kazini Tumba, kwenye makao ya wazee, ujumbe wa tahadhari ulipoingia kwenye simu zetu zote kwa mpigo: ingieni ndani, fungeni madirisha, zibeni matundu ya hewa. Ninachokumbuka ni kwamba niliwaza zamu yangu ya kufulia, kwamba nguo ziko kwenye mashine kule chini ya jengo na jirani mwingine anasubiri. Mume wangu amepooza upande wa kulia tangu kiharusi cha mwaka jana. Alikuwa ghorofa ya sita na binti yetu Neema, aliye darasa la nane. Na mimi nawaza nguo.

Basi lilizuiwa njiani, nikamalizia kwa miguu. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu, kwa hiyo nilipanda ngazi. Neema alikuwa amefunga kila kitu na kusukumia taulo mbichi chini ya mlango. Alikuwa ameketi sakafuni kando ya kiti cha magurudumu, ameshika ule mkono wa baba yake usio na hisia.

"Mamma, hissen funkar inte," akaniambia. Lifti haifanyi kazi.

Hakuinua macho. Nikaelewa kwamba mtoto alikuwa ameshapiga hesabu yote peke yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaza nyumba. Hapa tunashauriwa kila nyumba iweze kujitegemea wiki nzima, na mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Chini ya kitanda kuna madumu ya maji. Kuna redio ya betri, tochi, maharagwe ya kopo na unga wa kutosha. Dawa za Baba Neema, za presha na za kuzuia damu kuganda, nimezitia kwenye mfuko unaoning'inia mlangoni. Nilifanya yote hayo kama mtu anayepanga vitu vya nyumba isiyo yake.

Lakini maji hayamshushi mtu ngazi.

Nilipiga simu kuuliza. Bwana mmoja wa zimamoto alinieleza kwa upole kwamba moshi ukiwa nje, mahali salama ni ndani. Nikamuuliza, na tukiambiwa tuhame wakati lifti imezimika? Akasema nipige namba ya dharura niwaambie kuna mgonjwa, lakini pia nizungumze na majirani mapema.

Majirani. Tangu Baba Neema augue nimekuwa nikiwasalimu huku natembea. Sikutaka kuhurumiwa.

Jana nilibisha hodi kwa Papa Josué, Mkongo wa Bukavu anayekaa ghorofa ya nne na mkewe. Niliongea kama mtu anayekabidhi zamu. Hakuniacha nimalize.

"Mama Neema, kesho asubuhi tutajaribu kumshusha," akasema. "Tusingojee moto itufundishe."

Leo wakaja wote wawili na kiti imara cha mbao na mikanda ya kufungia mizigo. Baba Neema alipoiona mikanda akageuza uso. Siku hizi maneno yake ni machache na hutoka kwa shida.

"Mimi si gunia."

Alikuwa dereva wa basi, mtu aliyezoea kubeba watu. Papa Josué akachuchumaa mbele yake.

"Hapana, muzee. Ni mimi nataka kujua kama huu mgongo wangu ungali na nguvu."

Baba Neema akainua mkono wake mzima ili afungwe.

Papa Josué alishika nyuma, mimi na Neema tukashika miguu ya kiti kwa mbele, mkewe akatangulia kutuelekeza. Tulipofika ghorofa ya tatu viganja vyangu vikateleza kwa jasho, kiti kikayumba, bega la mume wangu likagonga ukuta. Tukakiweka chini.

Hapo ndipo aliposema, taratibu, akinitazama mimi.

"Moto ukija... shukeni. Mimi mniache."

Nilisubiri kitu kiinuke kifuani, hakikuinuka. Nikatazama jinsi rangi ya ukuta ilivyobabuka.

Neema ndiye aliyejibu. Tangu aanze shule, nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiswidi. Leo alifuta jasho kwa bega, akasema kwa Kiswahili, "Baba, wewe si wa kuachwa. Wewe ni mzito tu."

Papa Josué akaanza kucheka. Kisha Baba Neema, kicheko cha upande mmoja wa mdomo. Walicheka hadi mlango mmoja ukafunguka, mama mmoja Mswidi nisiyemjua jina akachungulia na kuuliza kama tunahitaji msaada.

Kwa kawaida ningemwambia tuko sawa. Nikasikia mdomo wangu ukisema ndiyo, tunahitaji.

Akavaa viatu, akashika mguu wa kiti upande wangu. Tukafika chini. Baba Neema akakaa juani mpaka alipotaka mwenyewe kurudi, tukampandisha kwa lifti.

Sasa ni alasiri, amelala. Papa Josué ana ufunguo wetu wa akiba, na yule mama ana namba yangu. Nilikuwa naosha vikombe nikaona mikono inatetemeka. Nikadhani ni uchovu wa kubeba. Nikaketi, haikuacha. Nikamwona akilini mume wangu dirishani na moshi nje, na mtoto sakafuni, na mimi mbali, na woga wa siku ile ukanifikia leo.

Neema akaniuliza nina nini.

"Niliogopa," nikamwambia.

"Jag med," akasema. Mimi pia. Akachukua kitambaa, akamalizia vikombe.