Shikamoo Kwanza, Makosa Baadaye

Mikumi, Jumanne jioni

Waninyang'anye huo uhariri, sijali.

Mzee Hamisi, fundi reli mstaafu wa Kilosa, aliandika makala yake ya kwanza kwenye kamusi elezo yetu ya mtandaoni, kuhusu reli ya kwao na daraja lake. Akaianza kama barua: "Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo." Mhariri mwenzangu wa Dar akaifuta yote, akamwachia neno moja: "Upuuzi."

Mzee akanipigia simu mimi niliyemfundisha kuandika humo. "Mwalimu, mimi basi. Sikuja huko kutukanwa."

Kweli, salamu haikai kwenye makala. Lakini mtu wa umri wa baba yako humkosoi kabla hujamwamkia. Nilimwambia mwenzangu hivyo. Akajibu eti mtandaoni hakuna wazee, na nikiendelea na salamu zangu nitaondolewa.

Leo nimeirudisha makala, nikatoa ile salamu tu. Kisha nikamwandikia mzee: "Shikamoo, baba. Habari ya lile daraja haina chanzo. Uliisoma wapi?"

Niliogopa hatajibu. Nimekaa intaneti kafe nikiitazama ile skrini mpaka wakaanza kufunga.

Akajibu: "Marahaba, mwanangu. Sikuisoma popote. Lile daraja tulilijenga sisi."