Karanga za Apolinaria

Asnath, acha unachofanya unisome. Nimejifungia stoo ya maabara, sitaki kuonana na mtu.

Leo mkaguzi kaja kuangalia zana za kufundishia. Mimi miaka tisa nafundisha bayolojia, nimebandika chati yangu ya seli ukutani. Kaipita kama haioni.

Akaenda kusimama kwa Apolinaria. Huyu huyu aliyeajiriwa Januari.

Kaitengeneza seli kwenye ungo. Ungo, Asnath. Kiini ni limau, tando za ndani ni kitenge kilichokunjwakunjwa kulizunguka, na mitokondria ni karanga na maganda yake. Mkaguzi anapiga picha, mkuu wa shule anatabasamu kama kamzaa yeye.

Roho iliniuma, sikufichi. Nikasema mbele ya darasa zima, "Samahani mwalimu, mitokondria ina tando mbili. Hapo naona ganda moja tu."

Ganda moja tu. Nimesema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wala hakukasirika. Akachukua karanga moja, akaipasua, akamwonyesha mkaguzi punje na kile kingozi chake chekundu. "Ganda ndio utando wa nje, dada. Hiki kingozi ndio wa ndani."

Wanafunzi wakapiga makofi. Wanafunzi wangu.

Halafu akamalizia, "Na namshukuru dada Theodora, karanga hizi aliniletea yeye kutoka Kaliua."

Ni kweli, ilikuwa zawadi ya safari. Nilitaka kumpa zilizomenywa, nikaona uvivu kuzimenya.