Kabla ya Kukamua, Msomee

Baba Cherop,

Nimeenda semina ya akina mama Njoro, narudi kesho. Githeri iko kwa sufuria. Jioni, kabla ya kukamua ng'ombe, msomee Biblia. Usicheke! Kwa vile wewe na watoto husinzia nikianza tu kusoma, nilihamia zizini, nikawa namsomea yeye kila asubuhi akitafuna. Sasa amezoea. Leo nimechelewa nikaruka kusoma, akapiga ndoo teke. Ndiyo maana umeachiwa strungi, chai bila maziwa.

Tumefika Ayubu. ~~Soma Zaburi fupi tu.~~ Hapana, soma Ayubu, atajua. Na usome polepole, si kama matangazo ya kanisa. Ukifika mahali huelewi, endelea tu. Hata sisi wawili huwa hatuelewi, lakini maziwa hutoka.

Mama Cherop