Kopo Kavu Siku ya Mvua

Ijumaa, Ipagala. Asubuhi jua la kuchoma. Saa saba wingu jeusi upande wa Mvumi. Saa nane na nusu mvua ya robo saa, matone mazito ya kutoboa vumbi. Saa tisa jua tena, kama vile hakuna kilichotokea.

Mvua ya mwezi huu siiamini. Tangu jana siwaamini hata watu.

Niandike kwa mpangilio, kama ninavyoandika barua zangu za habari kwa gazeti, kazi inayonilisha. Masika yalipoanza, Wadachi wa bomani walinipa kopo la bati la kupimia mvua, kwa sababu najua kuandika na kwa sababu naishi huku, mbali na stesheni ya reli, ambako wana kopo jingine. Kopo linakaa uani juu ya jiwe bapa. Kila jioni nikirudi kutoka mjini natumbukiza kijiti chenye alama, naangalia kimelowa hadi wapi, naandika. Wiki tatu mfululizo nimeandika neno moja: hakuna.

Lakini macho yangu yananiambia mengine. Jumatatu kwato za mbuzi wa jirani zilikuwa na tope bichi. Jumanne kumbikumbi walitoka ardhini wengi hata kuku wakashiba wakawaacha. Jumatano nilipita ziwani. Ziwa letu si kubwa. Kiangazi kikikaza ng'ombe hulivuka bila kulowesha matumbo. Pale ukingoni nilichomeka mti wa mgunga wenye alama za kisu. Maji yamepanda alama mbili. Vyura wamerudi, na korongo wawili wamerudi kwa ajili ya vyura.

Ni kweli kwamba mvua ya Ugogo hupiga shamba moja ikaliacha la pembeni. Nilijiambia hivyo siku nyingi. Ulikuwa uvivu. Mvua haiwezi kuwafikia mbuzi, kumbikumbi na ziwa, kisha ikaliruka kopo peke yake.

Jana Bwana Shauri, afisa wa Kidachi anayeamua kesi bomani, aliniita. Karatasi zangu zilikuwa mezani pake, kando ya karatasi za stesheni. Stesheni imenyeshewa, boma limenyeshewa, kwangu ukame. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata ni nani anagusa kopo la serikali. Nikasema sijui. Akanipa hadi kesho Jumamosi asubuhi nimpelekee jina. Mkosaji akiwa mwanamume, atalazwa chini mbele ya boma apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vya makalio. Akiwa mwanamke, mnyororo wa shingo.

Nilitoka pale nikimshuku kila aliye hai.

Wa kwanza alikuwa Ndahani, jirani yangu mwenye mbuzi. Leo asubuhi nilimkuta na mkewe wakipalilia uwele wao, mwembamba kama nywele za mgonjwa.

"Karani wa mawingu!" akaita. "Umefunga ngapi leo?"

"Sifungi mvua, Ndahani. Napima."

"Eti anapima! Bwana we, mvua ni nguo?"

Akacheka sana. Mkewe hakucheka. Alitema mate kwenye tuta, akatazama uani kwangu.

Nikamuuliza Ndahani waziwazi kama amewahi kuligusa kopo. Akarudi nyuma hatua mbili, mikono juu. "Mimi? Mikono yangu imenikosea nini?"

Nikamwondoa kwenye orodha. Mtu mwenye hofu ya namna ile hawezi kuwa ndiye anayelishika kila siku.

Wa pili alikuwa mke wangu, Sechelela. Nilimuuliza jana mara tatu, na mara tatu alinijibu, "Mimi sijalimwaga." Nilishika jibu, sikushika namna alivyolikazia lile "mimi". Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni kosa la mwanafunzi.

Leo nilitoka mjini mapema makusudi. Mvua ikanikuta njiani, ikanilowesha, ikaanza kukatika nilipoliona tembe letu. Sikuingia. Nikasimama nyuma ya kona ya ukuta kama mwizi.

Mkwe wangu alikuwa uani.

Mama yake Sechelela anakaa upande wa pili wa tembe. Mimi ni mtu wa Kondoa, lakini nimeoa huku na nashika desturi ya nyumba hii: mkwe wa kike na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Tukikutana uani, mmoja hugeukia ukuta. Kwa miaka sita nimejua kikohozi chake na mlio wa fimbo yake. Sura yake sijawahi kuiona sawasawa.

Alilishika kopo kwa mikono miwili, akaimwaga mvua polepole kuzunguka jiwe, midomo ikienda. Akalifuta ndani kwa pindo la nguo yake. Kisha akalirudisha mahali pake, ubavu wake uliobonyea ukitazama mlangoni, kama ninavyoliweka mimi. Hata mimi huwa silipangi kwa uangalifu ule.

Nikakohoa. Akageukia ukuta, akaenda zake bila haraka.

Nikaingia kwangu, nikamwita Sechelela aketi kwenye kizingiti kati yetu. "Muulize mama kwa nini."

Hakuwa na haja ya kuuliza. Kinachotutenganisha ni fito na udongo tu.

"Mwambie mumeo," sauti ikasema, "siku lilipowekwa hilo bati, wanaume walikuja kwangu na marungu. Wakasema mkweo anafungia mvua kwenye bati la Mdachi. Walitaka kulivunja, na miguu yake."

"Na miguu yangu?"

"Anauliza, na miguu yake, mama?"

"Nimesikia. Mwambie yote miwili."

Sechelela aliinamisha uso, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Nikawapa neno langu," mama akaendelea, "kwamba hakuna tone litakalolala humo. Kila inyeshapo nairudishia ardhi yake. Ndiyo maana mumeo bado anakwenda mjini kwa miguu."

"Mbona hakuniambia?"

"Aliniuliza lini? Amewakagua mbuzi kwato, amewasikiliza vyura, amekwenda mpaka ziwani kulihoji ziwa. Mimi niko hapa ukutani."

Miaka yote hii chakula changu kinatokana na kuuliza watu, na mtu mmoja sikumuuliza. Desturi haikunizuia, Sechelela angeweza kuuliza kwa niaba yangu siku ya kwanza. Sikudhani tu kwamba yule mama ana la kusema kuhusu mvua.

Tumepatana. Mvua ikikatika, mimi au Sechelela tutapima, kisha mama atamwaga mwenyewe, majirani wakiona. "Lakini mpime upesi," akasema.

Hiyo ni ya mbele. Kesho wanataka jina.

Ningependa kuandika kwamba sikufikiria kumtaja Ndahani. Nilifikiria. Bwana Shauri angeamini mara moja. Wazo lilikaa kwa muda wa kuvua viatu vyenye matope, kisha nikaona haya. Mama naye nikimtaja, mnyororo ule utakaa kwenye shingo ambayo leo tu ndiyo nimeiona.

Jua linazama na karatasi iko tayari. Nimeandika: "Vipimo vya wiki tatu havifai. Kopo lilimwagwa kabla ya kupimwa, kwa kosa la mpimaji, ambaye hakueleza nyumbani kwake kazi ya kopo wala hakuuliza." Nimeisoma mara mbili kutafuta uongo. Haumo. Jina pia halimo, na Bwana Shauri si mjinga. Atalitafuta, na mtu pekee aliyetajwa na karatasi ile ni mpimaji.

Sechelela ameisoma begani kwangu, kwa kidole, neno kwa neno. Amefungua sanduku, ametoa suruali yangu ya pili, ile nene, ameiweka juu ya ile nitakayovaa kesho.

Nitazivaa zote mbili.